Doa la Nyonga ya Kushoto

Dar es Salaam,
4 Agosti 1997

Mume wangu mzee Alois,

Shikamoo babu. Mimi mkeo Skola sijambo, kazi inakwenda, na baridi ya Dar, ambayo huko Ugalla mngeicheka, imenifanya nitafute shuka la pili. Natumaini umerudi salama kutoka kambini, asali imetoka vizuri, na Bibi Lusia, mke mwenzangu, bado hajakuchoka. Baba aliniandikia kutoka Litapunga. Anasema darasa la saba wanamsumbua kwa sababu ya mtihani, na mahindi ni mazuri. Juu yako hakusema kitu, na najua ni kwa sababu hakuambiwa kitu.

Mimi nimeambiwa. Ile damu yako iliyoletwa huku kupimwa, majibu yake yalipita mezani kwa Dakta Venant, akaona jina la ukoo, akaniita. Babu, kansa ya tezi dume uliyopasuliwa mwaka tisini na tano, damu inaonyesha kama kuna kitu kinaamka tena. Damu inasema kipo, haisemi kiko wapi.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Hujawahi kuniuliza hasa nafanya nini hospitali, huwa unasema tu "mke wangu anapiga picha." Ni kweli, lakini si picha za uso. Tunakuchoma sindano moja mkononi, dawa kidogo sana yenye mionzi. Inazunguka na damu mpaka inakaa kwenye mifupa, na pale ambapo mfupa unahangaika, labda umevunjika au kansa imeingia, dawa inajaa zaidi kuliko kwingine. Baada ya saa tatu unalala chini ya kamera. Dawa inatoa mwanga ambao macho hayauoni, kamera inauona. Hukatwi wala huumii. Na kansa hii ikirudi hupenda sana mifupa, kwa hiyo tunaitafuta huko kwanza.

Dawa yenyewe inakuja kwa ndege, ndani ya chombo kizito kuliko debe la misumari, na kila asubuhi tunaitoa humo kidogo kidogo. Chombo hicho sisi wa kazini tunakiita ng'ombe, na kutoa dawa tunaita kukamua. Ng'ombe wetu anakauka kama baada ya wiki moja, halafu tunasubiri mwingine. Atakayefuata anafika Oktoba tarehe kumi na tatu. Nataka wewe ufike kabla yake.

Usiniandikie kwamba una kazi.

Mkeo mdogo,
Scolastica


Ugalla, Mpanda,
1 Septemba 1997

Kwa mke wangu Skola, mkamuaji,

Marahaba sana. Sisi huku wazima. Bibi yako anakusalimu, kisha anauliza utaolewa lini na mtu mwenye meno. Asali mwaka huu tumeshusha madebe kumi na manne. Yotham, mwenzangu wa kambi, alishusha sita, lakini usimwandikie kwamba nimekutajia.

Jirani yetu Manyanda nimemwambia kwamba mjukuu wangu anakamua ng'ombe anayeshuka na ndege. Akaniuliza anatoa lita ngapi. Msukuma huyu hata ukimsimulia habari za mbinguni atauliza malisho yakoje.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile sehemu ya dawa mara tano. Skola, hiyo kazi naijua! Mimi nikitaka kujua nyuki wa porini wanakaa wapi, sizunguki msitu mzima nikigonga kila mti. Nakwenda pale wanapokunywa maji, nawapaka unga wa muhogo mgongoni, wawili watatu, nawaachia. Nyuki mwenye unga anaonekana kutoka mbali. Anaruka kwao, nami namfuata kwa macho mpaka kwenye shimo lake. Nyie mmefanya hivyo hivyo, ila mmepaka unga kitu kisichoonekana na mnakifuata ndani ya mtu aliye hai. Aliyewaza jambo hili ni bingwa wa mabingwa. Kama bado yuko hai mfikishie salamu zangu, mwambie zinatoka Ugalla.

Nitakuja. Sitaki kufa kabla sijaiona hiyo kamera.

Umeuliza hali yangu. Nakula, natembea, napanda mti. Ile operesheni ilipona siku nyingi na hakuna la kuongeza. Bibi yako amesimama nyuma yangu, anasema kuna jambo fulani niliandike hapa. Nimemwambia karatasi imeisha.

Mumeo,
Alois Mgalula

Nimesahau. Nikija nikuletee asali ya masega au iliyochujwa? Na hao wenzako wa kazini ni wangapi? Na je, kamera hiyo mtu anaruhusiwa kuigusa?


Dar es Salaam,
3 Novemba 1997

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na treni haikukulaza Kaliua. Ndoo yako ya asali iliisha siku nne, na kazini bado wanakuulizia. Anselmo, yule baba aliyekulaza kitandani, anasema tangu aanze kazi hajakutana na mgonjwa aliyeisifu mashine kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Mimi nilikuwa nje mlangoni. Nilitoka nikakuachia mwanamume mwenzako, kwa heshima, lakini sauti yako niliisikia mpaka kwenye korido.

Nasikitika umeme ulikatika tukiwa tumepata picha moja tu, ya kiunoni, kutoka mbele. Nilikuomba ungoje kesho yake tumalizie, ukasema treni haimngoji mtu.

Sasa nitaandika moja kwa moja kwa sababu nikizunguka nitashindwa. Kwenye ile picha, nyonga ya kushoto ina doa. Linawaka sana. Dakta Venant ameliweka pamoja na majibu ya damu, na anasema inaelekea kansa imerudi na imefika kwenye mfupa. Matibabu yake ni kuondoa korodani zote mbili, kwa sababu kansa hii inapata nguvu kutoka huko. Ameshaandika barua kwa daktari wa upasuaji huko Mpanda. Hilo ni shauri lake, uamuzi ni wako.

Nimeandika neno hilo waziwazi kwa kuwa hakuna mwingine katika ukoo mzima anayeweza kukuandikia. Baba hawezi. Shangazi hawezi hata kulifikiria. Mimi ni mkeo, nimejaliwa ruhusa hiyo, na leo ningeomba nisiwe nayo.

Nimelia, babu. Nilifunga mlango wa chumba cha kamera nikalia, kisha nikaendelea na mgonjwa aliyefuata.

Wako,
Skola


Ugalla,
29 Novemba 1997

Mke wangu,

Marahaba. Usilie, unaniharibia jina. Sisi tu wazima, mvua zimeanza kwa nguvu kuliko kawaida, na Manyanda amehamisha zizi mara mbili.

Barua yako ilinikuta nasuka kamba ya kupandishia mizinga. Nikaisoma, nikaikunja, nikaendelea kusuka mpaka kamba ikaisha. Ndipo nikamwita bibi yako.

Skola, nimekubali. Kama mashine imesema, imesema. Nilikaa chini yake mimi mwenyewe, nikaitazama. Haina kelele, haina pupa, inakuinamia kama mtu anayesoma. Nyonga yenyewe hainiumi hata kidogo, juzi nimetembea nayo kutoka ng'ambo ya mto na mzigo kichwani. Lakini mimi ni nani nibishane na kitu kinachoona mfupa kupitia nyama? Macho yangu haya yanashindwa kuona nyuki hatua ishirini.

Watu hapa nimewasimulia kila kitu. Wengine wanakuja jioni kunitazama kama nawaka. Yotham anasema kwamba sasa kambini hatutahitaji taa. Nawaacha waseme, kwa sababu katika kata hii yote ni mimi peke yangu niliyepitiwa na mionzi nikarudi na treni.

Wanangu nimewaambia nakwenda kutibiwa nyonga. Sylvanus, baba yako, alikuja kutoka Litapunga akaniuliza, "Nyonga imefanya nini, Baba?" Nikamwambia imechoka. Akatazama chini, nami nikatazama chini, tukaanza kuzungumza habari za mbolea. Ndivyo tulivyo.

Nina miaka sabini na mmoja na watoto sita. Wanikate.

Mumeo,
Alois


Dar es Salaam,
15 Desemba 1997

Babu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Noeli kama barua itawahi. Nimepata chumba kipya huku Ubungo, chenye dirisha. Hayo mengine ya kwangu ni mazuri.

Sentensi moja ya barua yako imenikosesha raha wiki nzima. "Nyonga yenyewe hainiumi hata kidogo." Doa linalowaka namna ile lilipaswa kuuma, au angalau kukusumbua ukibeba mzigo. Basi nikaichukua filamu yako, nikaiweka tena kwenye kisanduku cha mwanga, nikaitazama bila kukumbuka ni ya nani.

Babu, doa lina kona. Upande wa juu limenyooka kana kwamba limepigwa rula, halafu linakata pembe na kushuka. Mfupa hauna kona kama hiyo, na kansa haijui rula.

Kuna jambo sikukueleza. Dawa ile inatoka mwilini kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana tunakunywesha maji mengi na kukutuma chooni kabla ya picha. Tone likibaki kwenye nguo, kamera inaliona sawasawa na inavyoona mfupa. Haiwezi kujua tofauti, inaona tu kwamba dawa ipo hapo.

Kwa hiyo nakuuliza. Siku ile chini ya gauni letu ulivaa nini? Kulikuwa na nguo, leso, kitambaa, kitu chochote upande wa kushoto? Nimemwonyesha Dakta Venant ile kona. Aliifuata kwa kidole, akasema inabidi upigwe picha nyingine, ya mbele na ya ubavuni. Sikupi matumaini ya bure. Damu bado imepanda. Lakini usikubali kukatwa kabla hujanijibu.

Tafadhali nijibu hilo moja tu, hata usiponisalimu.

Skola


Ugalla,
20 Januari 1998

Mke wangu Skola,

Salamu nyingi. Tangu Noeli hatujaona treni wala barua. Redio inasema ni mvua hizi za El Nino, zimebeba reli vipande vipande. Hii nampa dereva wa lori anayejaribu kwenda Mbeya, aiposti huko. Mihogo imeoza ardhini. Bibi yako ana mafua lakini ulimi mzima.

Nimepangiwa Jumanne, tarehe kumi na saba Februari. Daktari wa Mpanda ni kijana mstaarabu. Amenieleza kwamba baada ya hapo nguvu zitapungua, mwili utalegea, na kupanda miti niwaachie wengine. Basi mizinga yangu ya ng'ambo ya mto nimempa Yotham. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliipokea huku analia, mjinga yule, ikanibidi mimi ndiye nimbembeleze.

Nitakuambia kitu ambacho siwezi kumwambia mtu mwingine. Naogopa. Kisu nimeshakizoea, kilinipita mwaka tisini na tano. Naogopa kuamka nikiwa mtu mwingine, mtu wa kukaa kwenye kiti akiulizwa kama amekula. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili sijakaa msimu mmoja bila kupanda mti. Nikitazama juu sasa hivi nahisi kama naiaga miti mmoja mmoja.

Bibi yako hazungumzi nami vizuri. Anasema kuna jambo ninalolificha, na kwamba nikikatwa kabla ya kulisema kwa daktari hataniletea uji. Nimemwambia jambo lenyewe ni dogo, ni la mwanamume na nguo zake, na daktari ana umri wa mwanangu wa mwisho. Nitamwambiaje mtoto mambo hayo?

Wako siku zote,
Alois


Dar es Salaam,
6 Februari 1998

Babu,

Salamu nitakulipa siku nyingine. Barua yako ya lori imefika leo asubuhi, na nimeona kwamba yangu ya Desemba hujaipata. Hii nampa mtawa mmoja, Sista Monika, anaondoka mchana huu na gari la jimbo kupitia Mbeya na Sumbawanga. Ameniahidi ataiweka mkononi mwako yeye mwenyewe.

Doa la nyonga huenda si kansa. Lina kona, kama kitambaa kilichokunjwa. Dawa yetu inatoka na mkojo, na kitambaa chenye mkojo kikiwa mwilini kinawaka kwenye picha kama mfupa mgonjwa. Nilikuuliza Desemba ulivaa nini. Leo sihitaji kuuliza nguo, umeshaniandikia mwenyewe: ni jambo la mwanamume na nguo zake.

Kosa ni langu. Siku ile nilitoka chumbani kwa heshima ya mjini, nikakuachia Anselmo, mtu wa umri wa Baba. Ungemwambiaje? Baba mwenyewe huwezi kumwambia. Aliyepaswa kukuvua na kukuuliza ni mimi. Ningekuuliza huku nacheka, ungenijibu huku unanitukana, na yote haya yasingetokea. Miaka tisa ya Dar imenisahaulisha mimi ni nani kwako. Nisamehe, babu.

Sasa nakuuliza kama mkeo. Mkojo unakutoka?

Usikatwe Jumanne.

Skola


Mpanda, wodini,
16 Februari 1998

Skola,

Ndiyo.

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Sista Monika alifika leo saa nne, tope mpaka magotini, akanikuta kitandani nimeshanyolewa kwa ajili ya kesho. Alikataa kukaa mpaka nimefungua bahasha.

Unanitoka tangu operesheni ya kwanza. Si mwingi. Nikikohoa, nikicheka, nikiinua debe. Bibi yako alikata khanga yake nzuri vipande vipande, na kila asubuhi nachukua kimoja. Ndilo jambo alilotaka niliandike tangu Septemba. Kambini Yotham anadhani ni dawa ya kienyeji, nimemwacha hivyo.

Siku ile kwenu mlininywesha maji kama ngamia. Nikakaa saa tatu, na kitambaa kikalowa. Anselmo akaniambia nivue vyote, nikavua, lakini kile sikuwa na mahali pa kukiweka asikione. Nikakikunja mara nne, nikakilalia upande wa kushoto chini ya gauni. Na zile sifa nilizoimba mpaka ukazisikia kwenye korido, nilikuwa naziimba ili mtu yule atazame mashine asinitazame mimi. Sifa zenyewe zilikuwa za kweli, usimwambie vingine.

Kwa hiyo mashine haikukosea. Ilitafuta dawa, ikaikuta, ikasema iko hapa. Nimezidi kuiheshimu. Mimi ndiye niliyeiwekea uongo ubavuni, kisha nikakubali kukatwa kwa uongo wangu mwenyewe, kuliko kumtamkia mtu mzima neno mkojo. Nimelala hapa natazama dari na kujiona mpumbavu wa sabini na moja.

Daktari alipopita sikuweza kusema. Nikampa barua yako. Akaisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, halafu akachukua kalamu akafuta jina langu kwenye orodha ya kesho. Akasema reli ikipona niende Dar kwanza. Alinishika mkono, na sikuona dharau machoni pake hata kidogo.

Bibi yako ameleta uji.

Alois


Dar es Salaam,
8 Juni 1998

Mume wangu mzee,

Shikamoo, shikamoo tena, hiyo ya pili ni ile ya Februari. Najua umefika, maana mkuu wa stesheni ya Mpanda alimwambia Baba kwamba ulishuka ukiwaeleza abiria habari za ng'ombe wetu.

Safari hii uliona tofauti. Nilikuvua mwenyewe, ukanitukana kwa Kikonongo mbele ya Anselmo, naye akaomba nimtafsirie nikakataa. Nilikupa maji na sabuni, gauni jipya, shuka jipya, na sikutoka chumbani hata dakika moja. Umeme nao ulituheshimu, haukukatika.

Dakta Venant amesoma picha zote na ameniruhusu nikuandikie. Nyonga ya kushoto safi. Ya kulia safi. Uti wa mgongo safi toka shingoni mpaka chini. Kwenye mifupa hakuna kansa, babu. Hukatwi.

Damu bado imepanda kidogo, na siwezi kukuficha. Maana yake inawezekana kuna kitu kidogo sana mahali pengine, kwenye nyama, ambapo dawa yetu ya mifupa haiendi. Tutakupima damu kila miezi sita na picha kila mwaka. Lakini nimesoma kwenye jarida la kazini kwamba nje huko wametengeneza dawa nyingine, haifuati mfupa, inaitafuta kansa yenyewe ya tezi dume popote ilipo, ikishika inawaka. Bado ni changa na inakosea. Nilivyosoma nilikukumbuka wewe na unga wako wa muhogo. Mimi nimesoma miaka mitatu ili nielewe kitu ambacho wewe ulikielewa kwa barua moja, na ninajivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuna jambo lingine. Mbavu mbili za kulia zinawaka kidogo, moja juu ya nyingine. Dakta Venant alicheka. Anasema hiyo si kansa, huyo ni mtu aliyeanguka kutoka juu na hakumwambia mtu.

Ulianguka lini?

Mkeo,
Skola

Nimekuwekea picha moja, ni yako, uwe nayo.


Ugalla,
5 Julai 1998

Mke wangu Skola,

Marahaba mbili. Asali imeanza, Yotham amenirudishia mizinga yangu yote na mmoja wa kwake juu. Bibi yako ameomba khanga mpya, sasa kwa kuwa siri imekwisha anataka fidia.

Nilianguka Juni ya mwaka jana, kutoka kwenye mninga. Yotham aliapa hatasema, na hakusema. Basi mashine imesema. Hakuna cha kufanya na kitu kama hicho ila kukivulia kofia.

Picha nimeitundika dirishani, upande wa mashariki, asubuhi mwanga ukipita mifupa yangu inaonekana yote. Watu wanakuja kutazama. Manyanda alihesabu mbavu, akasema ni sawa na za ndama.

Sasa nikuambie kilichotokea, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Shule zimefunga, na baba yako amekuja. Alisimama mbele ya dirisha, akaitazama picha. Kisha akauliza kwa adabu yake ile ile, "Kwa hiyo nyonga imepona, Baba?" Nikafungua kinywa nimwambie imepumzika. Nikashindwa. Nilikumbuka kwamba kwa sababu ya adabu hii nilibakiza siku moja tu nikatwe.

Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, Skola, mimi na mwanangu wa kwanza, jambo ambalo baba yangu hakunifanyia na babu yangu asingeliota. Tezi dume. Kansa. Mkojo. Vipande vya khanga. Kile walichotaka kukata na kwa nini. Nilisema nikitazama ukuta, na jasho lilinitoka kuliko kwenye mti wowote niliowahi kupanda.

Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa, mwalimu mkuu mzima wa miaka hamsini. Nikajua nimemtia aibu, nikaanza kuomba radhi.

Akasema, "Baba, na mimi."

Ni mwaka wa pili. Mkojo unakatikakatika, na mara mbili ametoa damu. Hajamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Alikuwa ananitazama mimi nione nitafanyaje, na mimi nikawa namwambia habari za mbolea. Tulilia wote wawili, bibi yako akaingia akatukuta, akatoka bila kuuliza.

Anapanda treni ya wiki hii, na barua hii iko mfukoni mwake imefungwa. Huyu si mumeo, ni baba yako, kwa hiyo wewe usimuulize kitu. Mpokee, mpikie, kisha mkabidhi kwa Dakta Venant. Naye Dakta mwambie, kwa unyenyekevu wangu wote, amuulize mara mbili, maana mara ya kwanza atajibu kwamba ni mzima.

Babu yako,
Alois